KIFUNGUA KINYWA CHA BAKULI MOJA: TULIYOJIFUNZA KUTOKA JAPANI

(Maelezo ya Kamati ya Chakula, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi. Yamechapwa kama yalivyosemwa.)

Wapo wenzetu tulioanza nao safari hii ambao leo hawapo. Tunawakumbuka, na tunaomba wapumzike kwa amani.

Ndugu Mgeni Rasmi, ukitazama ratiba utaona kwamba baada ya taarifa ya mtunza fedha na kabla ya ngoma, sisi wa Kamati ya Chakula tumepewa nusu saa. Tuliambiwa tuseme jambo lolote lenye manufaa kwa mwanachama. Wengine walidhani tutaeleza jinsi pilau ya leo ilivyopikwa. Hapana. Pilau mtaila wenyewe na mtaihukumu wenyewe. Sisi tumechagua kuzungumza juu ya kifungua kinywa, tena cha mbali: bakuli la wali ambalo Wajapani hulitayarisha haraka haraka asubuhi kabla ya kwenda kazini. Msicheke, jamani. Subirini kwanza.

Wenzetu wawili wamekwisha kuwasha jiko pale pembeni. Tukimaliza kusema, na wao watakuwa wamemaliza kupika. Kwa hiyo anayetaka kuona kwa macho asogee mbele.

KWA NINI KIFUNGUA KINYWA

Akina mama, mnakumbuka mwaka wetu wa pili. Siku hizo tulikuwa tunakutana chini ya mwembe, kila Jumamosi saa mbili asubuhi. Sanduku letu lenye kufuli tatu limewekwa katikati, wenye funguo wamekuja, hisa zimeanza kukusanywa. Mtunza fedha wetu anahesabu. Amefika katikati, amesimama. Ameanza upya. Amesimama tena. Mara ya tatu akakaa chini, fedha ziko mapajani, jasho linamtoka.

Tulisema ni malaria. Tukamchukua hadi zahanati, akapimwa, malaria hakuna. Muuguzi akamwuliza swali moja tu: "Mama, mara ya mwisho umekula lini?" Akajibu kwamba ni jana mchana. Usiku chakula kilikuwa kidogo, wakala watoto na baba yao. Asubuhi kulikuwa na chai, wakanywa wanaokwenda shule. Yeye akajifunga kanga akaja mkutanoni kuhesabu fedha za watu.

Jumamosi iliyofuata Mama Mwenyekiti aliuliza: "Nani hapa amekula kitu tangu alipoamka?" Mikono iliyonyooshwa ilikuwa michache, tena mingine ilinyooshwa kwa aibu. Na sisi ni watu gani? Ni watu wa bonde la mpunga! Wengi wetu tunalima mpunga, au tunauza mchele, au tunapika wali wa kuuza. Mchele tunao ndani ya nyumba, na asubuhi tunaondoka na chai kavu.

Ndipo ilipozaliwa kamati hii. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kutafuta chakula cha asubuhi ambacho mama anaweza kukitayarisha upesi, kwa vitu vilivyomo nyumbani, na yeye mwenyewe akala.

JAPANI ILIINGIAJE HAPA

Wageni wetu watauliza: mmeliona wapi bakuli la Wajapani? Wenyeji wanajua jibu. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ambayo maji yake ndiyo riziki yetu, ilikamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Serikali ya Japani. Mwaka 1994 kituo cha mafunzo ya kilimo pale Chekereni nacho kikaanza kazi kwa msaada wa nchi hiyo hiyo. Wataalamu wao wamepita humu mashambani na kukanyaga tope pamoja nasi. Na baadhi ya watu wetu wamekwenda kwao kusoma.

Miongoni mwa waliokwenda ni mwenzetu, bibi shamba, ambaye ni mwanachama tangu siku ya kwanza. Alikaa Japani miezi kadhaa kwa mafunzo ya kilimo cha mpunga. Alipokuwa huko alikaribishwa siku mbili nyumbani kwa familia moja ya wakulima. Aliporudi tulimwuliza habari za mashine na mbegu. Yeye akatuambia: "Hayo nitawaeleza. Lakini kwanza niwaeleze jinsi mama wa nyumba ile alivyokula asubuhi."

Alitueleza hivi. Saa kumi na mbili asubuhi mama yule aliingia jikoni. Wali ulikuwa tayari, umeiva wenyewe. Akapakua mabakuli manne: la mumewe, la mwanawe, la mgeni, na la kwake. Yote kwa pamoja. Akaweka yai, akatia matone ya sosi ya soya, wakakaa chini wote, wakala. Baada ya robo saa mama yule alikuwa amevaa mabuti yuko njiani kwenda shambani. Bibi shamba wetu alisema kilichomshangaza si yai. Ni lile bakuli la nne.

BAKULI HILI NI KITU GANI

Katika Kijapani neno "gohan" lina maana ya wali uliopikwa, na hilo hilo lina maana ya mlo. Kifungua kinywa wanakiita "asagohan", yaani wali wa asubuhi. Hata anayekula mkate asubuhi husema anakula asagohan! Ni kama sisi tunavyosema "kunywa chai" hata kama mtu amekula viazi na maharage.

Mlo wa asubuhi wa jadi ulikuwa na wali, supu ya miso inayotengenezwa kwa soya iliyochachushwa, kipande cha samaki wa kuchoma, na achari ya mboga. Huo una kazi nyingi. Wa haraka ni bakuli moja ambalo kila kitu kinawekwa juu ya wali. Bakuli dogo la wali huitwa "chawan", na kwa desturi ya nyumba nyingi kila mtu ana la kwake. Bakuli kubwa huitwa "donburi", na chakula kinacholiwa humo nacho huitwa hivyo hivyo.

Bakuli la haraka kuliko yote ni lile la wali wa moto na yai bichi. Yai linavunjwa juu ya wali, linatiwa sosi ya soya, linakorogwa, basi. Katika masimulizi yao anatajwa mwandishi wa habari Kishida Ginkō, aliyeishi kuanzia mwaka 1833 hadi 1905, kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kula hivyo na kuwasifia wenzake, katika miaka ya 1870.

Hapa tunaomba masikio yenu yote. HILO LA YAI BICHI SISI HATULIFANYI. Tunarudia: hatulifanyi. Kule Japani mayai huoshwa, hukaguliwa, na huwekewa tarehe ambayo kabla yake yanaweza kuliwa mabichi. Tarehe ikipita, hata wao wanaambiwa wayapike. Mayai yetu yanatoka bandani na kinyesi kimeshika ganda. Yai linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, vinavyoleta kuhara, homa na kutapika, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wajawazito na wazee. Kwa hiyo desturi ya bakuli tumeichukua, lakini yai tumelipika.

Na katika hilo hatukubuni kitu. Wajapani wenyewe wanalo bakuli la yai lililopikwa kwenye mchuzi pamoja na kitunguu, likamiminwa juu ya wali. Huliita "tamagodon", yaani donburi ya yai. Ukiongeza nyama ya kuku inakuwa "oyakodon", maana yake donburi ya mzazi na mtoto. Mmeelewa? Kuku ndiye mzazi, yai ndilo mtoto. Wajapani nao wana utani wao.

HARAKA HII ILITOKA WAPI

Msije mkadhani mama wa Kijapani alizaliwa na wali ulioiva. Bibi zao walikuwa kama sisi. Zamani wali ulipikwa kwenye jiko la udongo la kuni, na mama ndiye aliyeamka kabla ya kila mtu kuwasha moto, kuupunguza kwa wakati wake, na kukaa hapo hapo wali usiungue. Kila asubuhi. Alfajiri ya mama ndiyo iliyolipia kifungua kinywa cha nyumba nzima.

Mabadiliko yalikuja mwezi Desemba mwaka 1955, kampuni ya Toshiba ilipoanza kuuza sufuria ya umeme ya kupikia wali inayojizima yenyewe. Fundi aliyeibuni ni Yoshitada Minami, mtu wa karakana ndogo. Lakini akina mama, aliyekuwa akipika majaribio ni mkewe, Fumiko Minami. Mafundi walijua umeme. Nani alijua wali? Mama yule alipika sufuria baada ya sufuria, akipima joto na muda, mpaka ikajulikana ni wakati gani hasa wali unakuwa umeiva.

Akili yenyewe ni nyepesi, nasi tunapenda kuieleza kwa sababu ni akili ya jikoni. Sufuria zilikuwa mbili, moja ndani ya nyingine. Katika ile ya nje walitia maji kidogo yaliyopimwa. Maji hayo yalichukua muda wa dakika 20 hivi kukauka. Maji yakiwapo joto haliwezi kupanda sana. Yakikauka joto linaruka ghafla, na hapo kipande cha chuma kinachojipinda kwa joto kinakata umeme. Wali umeiva, mama hayupo hata jikoni! Baadaye zikaja saa za kutegesha, mama anapima mchele na maji usiku, anategesha, analala. Asubuhi anaamka wali uko tayari.

Siku hizi wengi wao pia hugandisha wali. Wakipika mwingi, wanaufunga ukiwa bado wa moto, kipimo cha mtu mmoja mmoja, wanautia kwenye friza, na asubuhi wanaupasha kwenye jiko la maikrowevu. Na tuseme kweli yote: wapo wengi Japani ambao asubuhi wanakula mkate. Mwaka 1962 kila Mjapani alikuwa anakula wastani wa kilo 118 za mchele kwa mwaka. Ilipofika mwaka 2020 ilikuwa kama kilo 51 tu. Lakini bakuli la wali la asubuhi halijafa.

Tumeyaeleza haya kwa sababu moja. Haraka ya asubuhi haitengenezwi asubuhi. Inawekwa akiba jioni. Sisi watu wa hisa hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo.

JINSI YA KUPIKA

Haya, sasa tuingie jikoni. Kipimo ni cha mtu mmoja. Mkiwa watano, zidisha kwa watano, na mama awe ndani ya hesabu.

Unahitaji bakuli moja la wali wa moto. Mayai mawili, au moja. Nusu ya kitunguu maji. Dagaa wakavu sita au saba. Maji nusu kikombe. Sosi ya soya kijiko kimoja cha chakula. Sukari kijiko kimoja cha chai. Ukiwa na majani ya kitunguu, vizuri.

Najua... samahani, tunajua mtauliza dagaa wanafanya nini kwenye chakula cha Kijapani. Hilo ndilo lililotufurahisha kuliko yote. Mchuzi wa Wajapani unaanzia kwenye supu nyepesi iitwayo "dashi". Wengine huitengeneza kwa samaki mkavu aliyeparwa na mwani, lakini katika nyumba nyingi huitengeneza kwa vidagaa vikavu. Nao hufanya kama sisi: wanatoa kichwa na tumbo, kwa sababu ndimo uchungu unamokaa. Kwa hiyo dagaa wa Mwanza au wa Kigoma hawatakuwa wageni katika bakuli hili.

Kwanza, safisha dagaa, toa vichwa na matumbo, osha mchanga. Chemsha kwa moto mdogo dakika kumi. Ukipenda watoe, ukipenda waache. Sisi tunawaacha, maana kutupa dagaa hatujazoea.

Pili, katika kikaango kidogo tia hiyo supu, sosi ya soya na sukari. Usitie chumvi mpaka uonje, maana sosi ya soya ina chumvi nyingi tayari. Tia kitunguu ulichokikata vipande vyembamba. Acha kichemke dakika tatu au nne, kilainike.

Tatu, vunja mayai kwenye bakuli, yakoroge kidogo tu. Usiyapige kama unapika keki. Yamimine juu ya kitunguu kuanzia katikati kwenda pembeni. Funika. Wajapani huipua yai likiwa bado linatetemeka. Sisi tunangoja mpaka ute na kiini vyote vishikane kabisa. Dakika mbili hadi tatu zinatosha.

Nne, mimina yote juu ya wali, mchuzi uzame ndani. Nyunyizia majani ya kitunguu. Kula kwa kijiko. Vijiti tuwaachie wenyewe.

Muda wote, kama wali upo na supu ya dagaa ipo, ni dakika kumi. Tumepima kwa saa ya ukutani.

Sasa habari ya wali. Mchele wao ni mfupi, mnene, na ukiiva unashikana kwa sababu ya aina ya wanga uliomo. Kwao wali mzuri ni unaoshikana, na haupati mafuta wala chumvi. Sisi tunasifu wali uliochambuka, punje moja moja, na ukishikana tunasema mama kapika bokoboko. Basi tumieni mchele wenu wa hapa bondeni. Ongezeni maji kidogo tu kuliko kawaida ili ulainike na kunywa mchuzi. Msitie mafuta mengi, maana wali wenye mafuta unasukuma mchuzi. Kama kuna ukoko, msitupe. Wajapani nao wanao, wanauita "okoge", na wanaugombania kama watoto wetu.

Lipo pia bakuli la pili, la haraka zaidi. Wanachukua wali, wanaweka juu yake kipande cha samaki wa chumvi au tunda lililotiwa chumvi, kisha wanamimina chai ya moto. Ndiyo, chai! Lakini ni chai ya kijani, isiyo na sukari wala maziwa. Mwenzetu mmoja alijaribu kwa chai ya maziwa yenye tangawizi. Hatutasema jina lake. Matokeo yalikwenda kwa kuku.

TAHADHARI YA KIPORO

Akina mama, hapa hatufanyi mzaha. Tunaposema wali uwe tayari, wengi mnawaza kiporo. Na kiporo tunakipenda, nani asiyekipenda? Lakini kumbukeni kilichotupata mwaka wa nne.

Mwenzetu mmoja alisikia habari ya bakuli hili akafurahi. Jioni akapika wali mwingi, akauacha kwenye sufuria juu ya jiko mpaka asubuhi, wakati wa joto la Februari. Asubuhi akaupasha moto vizuri, akamimina yai, wakala yeye na watoto wawili. Kabla ya saa nne wote watatu walikuwa wanatapika. Gari la kuwapeleka hospitali na dawa vililipwa kwa mfuko wetu wa jamii. Tunamshukuru Mungu walipona. Lakini mama yule alitulia akisema: "Mimi niliupasha moto! Nilifanya kosa gani?"

Kosa halikuwa kwenye kupasha, lilikuwa kwenye kulaza. Katika mchele mna mbegu za vijidudu viitwavyo Bacillus cereus. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa kwenye uvuguvugu zinaamka, zinaongezeka, na kuacha sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali mpaka ufuke moshi. Wala haina harufu ya kukuonya. Kamati ilikosa kusema hivyo mapema, na leo mbele yenu tunalikiri kosa hilo.

Kwa hiyo shikeni haya. Mwenye jokofu: wali ukiiva, toa wa kesho, utandaze kwenye sinia upoe upesi, ufunike, uingie kwenye jokofu kabla ya kupita saa moja au mbili. Kesho yake upashe mpaka utoe mvuke, mara moja tu, na usibaki wa keshokutwa. Supu ya dagaa nayo ilale kwenye jokofu.

Asiye na jokofu, na ndio wengi wetu: usilaze wali. Laza maandalizi. Jioni chagua mchele na upime, ukae mkavu kwenye kikombe. Toa dagaa vichwa. Weka yai, kitunguu, chumvi na kiberiti pamoja kwenye sinia moja, funika. Asubuhi weka wali motoni kwanza, mchele kidogo unaiva kwa dakika 25 hivi, wakati huo unawaamsha watoto na kufagia. Supu inachemka kwenye jiko la pili, au baada ya kuipua wali. Si dakika kumi tena, lakini mikono yako imefanya kazi dakika kumi tu.

SWALI LA YAI MOJA

Ndugu Mgeni Rasmi, tulipofundisha hivi kwa mara ya kwanza, mwanachama mmoja alisimama akauliza: "Nyumbani kwangu yai ni moja na watoto ni wanne. Mnataka nile mimi, wao wanitazame?"

Tulinyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka, maana kila mmoja wetu amewahi kuwa hapo. Ni mama mzee kati yetu, yule aliyekuwa akiuza maandazi stendi miaka yote ile, ndiye aliyejibu. Akasema: "Mwanangu, hakuna aliyekuambia ule yai. Umeambiwa upakue mabakuli matano."

Maana yake ni hii. Yai likiwa moja, ongeza supu ya dagaa na kitunguu, koroga yai ndani yake linyumbuke, gawa kwa mabakuli matano yaliyopangwa mezani kabla hujaanza kupakua. Kila mtu atapata kidogo. Lakini bakuli la mama limepangwa pamoja na mengine. Halingojei ukwanguaji wa sufuria. Ndivyo tunavyofanya na hisa. Tungengoja kuweka kinachobaki baada ya matumizi yote, sanduku letu leo lingekuwa tupu, na sherehe hii isingekuwapo.

Mwanachama aliyeuliza swali yupo hapa leo. Tulimwuliza wiki iliyopita mambo yanakwendaje. Akasema katika siku saba, siku tatu anafaulu. Siku nne zilizobaki bakuli la tano anawagawia watoto kwa mkono wake mwenyewe. Hatumlaumu. Siku tatu si haba, na zamani zilikuwa sifuri.

Akina baba, nanyi mna sehemu yenu. Mkiona mabakuli mezani, hesabuni. La mama kama halipo, ulizeni liko wapi kabla hamjanyanyua kijiko.

TUNACHOOMBA

Hatuombi jambo hili liwe sheria ya kikundi. Faini tunazo za kutosha, za kuchelewa na za simu kulia mkutanoni. Tunaomba mambo matatu tu. Kila mwanachama aweke maandalizi yake ya asubuhi siku ya Ijumaa usiku, ili Jumamosi aje akiwa amekula. Asilaze wali jikoni. Na Mama Mwenyekiti aendelee kuuliza lile swali lake kabla ya kufungua kufuli, kama alivyouliza miaka yote hii.

Mtunza fedha wetu wa siku ile chini ya mwembe ndiye huyu aliyesoma taarifa sasa hivi, na mmesikia hesabu zake hazina kosa hata la shilingi moja. Leo asubuhi tulimwuliza kama amekula. Alijibu: "Wali na yai. Mniache nisome."

Tunaona wenzetu pale wanafunua sufuria. Mabakuli yamepangwa thelathini. Wageni mtaonja kwanza, kisha wanachama, na wapishi wawili wale wana mabakuli yao, tumeyahesabu.

Karibuni mezani.

Kamati ya Chakula